Nilifuta siku za "imerara" kwenye modeli ya bwawa, nusura Mama Wangui afutwe kazi

Wakuu, salamu kutoka Nyeri, ambako leo jua limetoka na watu wanatembea na masweta mkononi. Haya sikusimuliwa. Aliyekosea ni mimi mwenyewe.

Miaka ile kompyuta za ofisini bado zilifunikwa kitambaa kama redio ya sebuleni. Mimi mtu wa Busia nililetwa kwenye bwawa la maji ya mji kushughulika na modeli. Kwa ufupi, unaipa kompyuta vipimo vya joto na upepo, nayo inakuonyesha maji yanavyozunguka ndani ya bwawa.

Shida ilikuwa moja. Kila Julai, baridi ile wenyeji wanaita gathano ikiingia, mifereji kutoka Ruring'u hadi Skuta ilitoa maji yenye harufu ya yai viza. Nilikuwa nimepanga Skuta, kwa hiyo hata chai yangu ilinuka.

Meneja alishapata wa kulaumu: Mama Wangui, aliyepima maji kila asubuhi kwa mashua na kipimajoto cha kamba. Ati haangalii bwawa. Barua ya kumwachisha kazi ilikuwa imechapwa, imebaki sahihi tu.

Modeli yangu ikamkandamiza zaidi. Ilisema maji yanachanganyika vizuri mwaka mzima, hakuna kinachooza chini, kwa hiyo lawama ikabaki kwake.

Hiyo ikaninyima raha. Nikaenda bwawani na rejista yake kwapani.

Sasa msinicheke. Siku nyingi kwenye rejista aliandika "imerara". Nilijua ni imelala, matamshi ya huku. Na kwetu mafundi, mita ikilala imekufa. Basi siku zote hizo nilikuwa nimezifuta kwenye modeli nikidhani vipimo ni vibovu.

"Mama Wangui, mbona hii mita ililala sana?"

"Ati mita? Mita iko sawa, Enjinia. Ni maji irikuwa imerara. Hakuna upepo, juu iko moto, chini iko baridi, na haziguzani."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Ya chini inakaa huko mpaka inaoza. Gathano ikikuja, ya juu inashika baridi, inazama. Hiyo imeoza inapanda, na bomba yenu inameza."

Wakuu, niliona aibu. Nilifuta siku zote za utulivu, nikabakiza za upepo tu. Modeli ingesema nini kingine?

Nikamwomba radhi. Alicheka mpaka akashika mbavu.

Nikazirudisha siku zote. Modeli ikaonyesha matabaka yaleyale aliyoyasema, pamoja na wiki ambayo maji yangepinduka. Nikakiri kosa langu mbele ya meneja. Akaitia barua kwenye droo, tungoje gathano.

Mto unaoingia bwawani ukiwa bado umejaa maji ya mvua, tukafungua vali ya chini kidogo kidogo, maji mabovu yakaenda zake. Mji ukanywa kutoka bomba la juu.

Ukungu ukashuka. Siku ya kwanza, kimya. Wiki ikaisha, hakuna aliyekuja kulalamika. Nilichemsha chai pale Skuta, nikainusa, nikanywa vikombe vitatu. Jamani, nilifurahi!

Meneja akaja bwawani mwenyewe, akamkabidhi Mama Wangui ile barua. "Mama, pasua wewe mwenyewe."

Akaigeuza. "Nipasue ya nini? Huku nyuma iko safi, na rejista imejaa."

Akaandika hapohapo vipimo vya siku hiyo.

Tangu wakati huo sifuti kitu kabla sijamuuliza aliyekiandika. Nani mwingine hapa amewahi kufuta ukweli akidhani ni kosa? Semeni, nisichekwe peke yangu.