Rangi ya Dawa

Harufu ya mwarobaini unaochemka hunirudisha mtaani kwetu Nyalenda, kando ya ziwa, mwanzoni mwa miaka ya tisini, msimu ambao kila nyumba kwenye ploti yetu ilikuwa na sufuria ya majani na mtu wa kukohoa. Ndipo mama yangu alipomleta kwetu mdogo wake, Apiyo, mchuuzi wa samaki kutoka Port Victoria, akiwa amebaki mifupa na macho. Hospitali ilisema ni kifua kikuu. Majirani walisema ni chira, laana ya kuvunja mwiko, na laana haitibiwi kwa vidonge. Mimi sikushangaa. Jumamosi zetu zote zilikuwa za matanga, na nilidhani watoto wa Kenya nzima wanaishi hivyo. Nilipokwenda sekondari Nyeri ndipo nikakuta wenzangu wana shangazi na wajomba wote, wazima, wanaokuja siku ya wazazi na chapati. Niliwaonea wivu, kisha nikashikwa na hasira: kwa nini kwetu ziwani tu?

Dani, yaani nyanya yetu, alikuja kumuuguza binti yake. Alimnywesha uji wa wimbi bila kumbembeleza, maana mgonjwa haulizwi uji. Kazi yangu ilikuwa kumwaga beseni, na vidonge vilipoanza tu, asubuhi moja nikakuta mkojo umegeuka mwekundu. Nikapiga kelele. Dani alitazama, kisha akaanza kufunga leso na blanketi la Apiyo.

"Hii dawa inamaliza mtoto yangu," akamwambia mama. "Heri akufe kwake kwa amani. Leo tunapanda basi."

"Mama, ngoja kwanza tuulize sista wa zahanati."

"Kuuliza nini na damu umeona?"

Apiyo akasema polepole kwamba yuko tayari kwenda. Hilo ndilo lililoniumiza. Mama aliwafikisha wote wawili zahanati, mmoja kwa mgongo, mwingine kwa maneno.

"Mama, hiyo ni rangi ya dawa tu," sista akamwambia Dani. "Akikojoa kama maji, hapo ndio mkuje mbio. Mtajua hamezi."

Dani alikaa kwenye benchi akacheka mpaka akalia. Tangu siku hiyo, kila asubuhi alipaza sauti: "Apiyo, bado ni nyekundu?"

"Bado, Mama."

"Nyasaye asifiwe!"

Ploti nzima ilisikia, na wale waliosema chira wakaanza kuuliza njia ya zahanati kimya kimya.

Siku hizi watu wa ziwani humeza dawa zao za ukimwi mchana kweupe na kuzeeka, na binti yangu hajui hata maana ya chira. Nafurahi, ila furaha yenyewe ina kovu. Dani alizaa mabinti wanne. Watatu walizikwa miaka ile ile, mama yangu akiwa wa mwisho. Nikipiga simu Port Victoria humwita Apiyo Mama, naye huitika.