Yaya Alikubali Hata Panga

Yaya yangu, mutoto wa kwanza wa mama, alimupiga mutu kweli. Hilo nyumbani hakuna anayelikataa. Ilikuwa sokoni Wamaza. Mufanyabiashara anayepeleka sabuni na chumvi kwa wachimbaji wa Salamabila alimucheka baba mbele ya watu: "Muzee huyu amelima mihogo mpaka mugongo umekunjika kama jembe!" Yaya alikuwa ametoka kununua mupini wa jembe. Mukono wa yule mutu ukavunjika.

Wakamupeleka boloko, gereza la Kasongo. Kule mutu wa parke, ile ofisi inayoshitaki watu, akamuambia: "Kijana, ukikubali yote bila kutusumbua, tutakuombea miezi michache tu. Ukibisha, utaona." Kwenye karatasi walikuwa wameandika kama alipiga na panga. Yaya akakubali na panga.

Shuleni walisema yaya ni mujinga. Mimi nilinyamaza, kama kawaida yangu, lakini nilijua mahali alipotoa wazo lile. Kwetu, ukimukosea mutu, unapiga magoti na kukubali kila kitu anachotaja, hata kile hukufanya. Ukianza kusema hili ndiyo, lile hapana, hasira inabaki palepale. Mutu anayeomba musamaha hachagui. Ukijishusha vile, naye anapunguza. Yaya alifikiri tribinali, ile mahakama, iko vile. Parke kweli waliomba miezi. Zuzi, yule anayekata kesi, akasoma neno panga, akamukatia miaka mitano.

Mama akapata avoka, mutu wa kututetea. Avoka akasema tufanye apeli, kesi isikilizwe tena na wazuzi wa juu.

"Mate umeshatema, utayalamba?" mujomba akauliza. "Mutoto alisema ndiyo mwenyewe."

Mama naye: "Na wakikasirika, waongeze?"

Mimi nilikuwa nyuma ya mama. Sijui sauti ilitoka wapi. "Samahani, Avoka. Mutu akisema ndiyo, anaweza kulalamika juu ya ndiyo yake?"

"Eeh! Huyu naye iko na mudomo? Nilifikiri ni bubu." Akacheka, kisha akageuka kwangu kabisa. "Sikia, mutoto. Hatukatai kama alipiga. Tunakataa panga, na tunakataa miaka. Parke inaomba tu, zuzi ndiye anakata; ile ahadi haikumufunga. Lakini zuzi naye hapaswi kusimama juu ya ndiyo peke yake, aangalie kama inapatana na mambo mengine. Kuongeza? Tukienda peke yetu, hawawezi. Parke ikifanya apeli yake, wanaweza."

Mama akakaa chini.

Tulipomupelekea yaya bugali na sombe, nilifikiri atafurahi kusikia habari ya apeli. Akakataa.

"Nikitoa panga sasa, watasema musamaha wangu ulikuwa wa uongo."

"Miaka mitano, yaya!"

"Nyamaza, we mutoto."

Mama akamuangalia. "Basi uombe musamaha ya mupini. Ya panga umuachie aliyeliandika." Yaya akacheka kwa mara ya kwanza tangu afungwe, akakubali apeli.

Mpaka siku ya apeli yenyewe hatukujua parke itafanya nini. Haikufanya apeli.

"Kama panga ni uongo," zuzi wa juu akauliza, "kwa nini ulikubali?"

"Nilikuwa ninaomba musamaha, Bwana Zuzi. Kwetu anayeomba hachagui."

Watu wakacheka. Zuzi hakucheka. Akamuita yule mufanyabiashara. Mukono wake ulikuwa umepona, umepinda kidogo.

"Alikupiga na nini?"

"Mupini. Miye sikusema panga hata siku moja. Ingekuwa panga, mukono huu mungeuona hapa?" Kisha akamunyooshea yaya kidole. "Lakini anasema aliomba musamaha. Aliomba nani? Aliwaomba watu wa parke! Miye nililala hospitali, hajaniomba mpaka leo."

Hata mimi, niliyefungua mudomo mbele ya avoka, hilo sikuwa nimeliuliza. Yaya akapiga magoti, anamuangalia mufanyabiashara, si wazuzi.

"Simama," zuzi akasema. "Hapa hatupigi magoti."

Wazuzi waliporudi kusoma hukumu, panga lilikuwa limetoka. Mwaka mumoja, na wakati aliokwisha kukaa unahesabiwa.

"Atatoka mbele ya mavuno ya mupunga?" mama akauliza.

"Mbele. Mavuno yatamukuta nyumbani," avoka akajibu.

Inje, mufanyabiashara alikuwa anatafuta pikipiki ya kurudi Salamabila. Niliona haya, lakini kutojua kuliniuma zaidi. Nikaenda.

"Baba, samahani. Pale ndani, ulimusamehe?"

Akaniangalia. "Bado. Pale alikuwa mbele ya zuzi. Akitoka, aje kwangu mwenyewe."

Akapanda, wakaenda. Mama akaniuliza amesema nini. Nikamuambia.

"Amesema aje?"

"Ndiyo, mama. Amesema aje."

Mama akafunga kitambaa chake vizuri, tukaanza kutembea.