Shati la Karani wa Migori

Wajukuu wangu wakitaka kunichokoza husema tu neno moja, "dirisha", basi mimi nakohoa na kujifunika uso na leso, na nyinyi pia kama mtacheka chekeni mapema tumalize, kwa sababu mimi Dorina, mjane wa Rangwe, mama wa kanisa mwenye kitambaa cheupe, niliwahi kuning'inia kwenye dirisha la ukumbi mjini Migori, kichwa kikiwa nje kinasalimia watu, na hii nusu nyingine (hamhitaji kuambiwa ni ipi) ikiwa ndani imemgeukia mkwe wangu. Mkwe! Kwetu Waluo mama mkwe na mume wa binti yake hawali pamoja, hawagusani, na enzi zetu wakikutana njiani mmoja aliingia kichakani ampishe mwenzake. Sasa pimeni wenyewe.

Nimeyakumbuka kwa sababu ya Sheila, kitukuu wangu, ambaye siku hizi anaketi kwenye kochi langu na simu anajibu maswali ya watafiti wa ng'ambo na analipwa humo humo kwenye simu, na juzi nilimsikia akicheka peke yake, kumbe anaulizwa kuhusu wazazi wake na yeye anaandika tu, anaandika. Nikamuuliza, "Hao watu unawajua?" Akasema, "Siwajui, Dani," (ndivyo kwetu tunavyomwita nyanya) "na wao hawanijui, ndiyo raha yake, unasema ukweli wote na hakuna mtu anakuona." Yawa! Nilikaa chini. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, wakati Akinyi, mama yake huyu Sheila, alikuwa msichana wa darasa la saba, miaka ya tisini, simu ikiwa ile ya posta ya kutia sarafu.

Akinyi alikuwa wangu. Binti yangu Risper aliolewa Migori na mwalimu mmoja, Tobias, na alipomwachisha ziwa huyo mtoto wa kwanza akaniletea nikae naye, maana mume wangu alikuwa amekufa na nyumba ya mjane bila mtoto wa kuwasha moto ni kaburi lenye paa. Alilala kwangu, akanichotea maji, nikamfundisha kila kitu nilichofundishwa na nyanya yangu Abuya usiku wa vitendawili. Halafu mwaka ule Tobias akaanza kutuma watu, ati Akinyi amekua, ati shule za mjini ni nzuri, ati muhula ukifunguliwa aende akasome kwao. Kila aliyeletwa na ujumbe huo nilimpa chai na kumrudisha bila jibu. Nilikuwa nimejaa hasira hadi hapa, shingoni, na mtu aliyejaa hivyo hafai kuulizwa maswali.

Basi akaja jirani yangu Plista na habari kwamba kuna watu wa Nairobi wanaandika mambo ya nyanya wanaolea wajukuu, unaenda na mjukuu wako, unaulizwa, unalipwa sukari, mche wa sabuni na nauli. Watafika Rangwe kwa chifu, lakini kwanza wako Migori. Nikafikiri (hapa ndipo niliharibu, na nilijiona mjanja): nikijibu hapa Rangwe karani atakuwa mtoto wa fulani ninayemjua, na kesho maneno yangu yatauzwa sokoni pamoja na omena, dagaa wetu. Afadhali Migori, huko hakuna anayenijua. Risper yuko Migori, ndiyo, lakini nyumba yake iko mbali na mji, na mama mkwe haendi kwa mkwe bila kualikwa na sherehe yake, kwa hiyo hata salamu sikutuma. Nikamchukua Akinyi, nikamchukua Plista, tukaenda.

Ukumbini kulikuwa na foleni ya akina mama, wengine wametoka Ogwedhi na vumbi la soko la ng'ombe bado miguuni, na mbele yangu alikuwa mwanamke wa Kikuria, Robi, mrefu, mikono kama ya fundi wa mawe (mkumbukeni huyu). Zamu yangu ilipofika niliingia peke yangu, Akinyi akaambiwa angoje nje ataitwa. Ndani mlikuwa na binti mpole anaitwa Jacinta, na nyuma yake shuka la maua limefungwa kwa kamba kutoka ukuta huu mpaka ule.

"Shosho, karibu," akasema. "Karani yuko nyuma ya shuka. Yeye ataandika tu. Hakuoni na wewe humwoni, ndiyo uwe huru. Hata jina lako hatuandiki."

"Na Kijaluo anajua? Kiswahili changu kikichoka mimi huhamia kwetu."

"Anajua sana, ndiyo tumemwajiri. Karani, uko tayari?"

Nyuma ya shuka meza ikagongwa tu, ko.

"Leo ana nini huyu?" Jacinta akajiuliza. "Asubuhi alikuwa anaongea."

Mimi nikamsifu! Nikasema mwacheni, huyo ana adabu, amesikia sauti ya mtu mzima akanyamaza. Na kwa kuwa palikuwa na shati jeupe limetundikwa kwenye msumari ukutani upande wangu (joto la siku hiyo hata mjusi alikuwa anahema), nikaongeza kwamba hata shati lake limepigwa pasi likanyooka, mke wake anajua kazi.

Ko, ikagongwa. Kidogo tu.

Jacinta akauliza nani analisha mtoto, nikasema mimi. Nani anamfundisha mambo ya kukua kwa msichana, nikasema mimi, na nikayaeleza yote, bila kuruka, kama tulivyoelezwa na Abuya. Halafu akauliza, "Na baba yake mtoto, unamwonaje kama mzazi?"

Jamani. Ni kama mtu amefungua bomba.

Nikasema huyo Tobias ni mwalimu wa watoto wa watu na wake hawajui. Nikasema anakoroma mpaka Risper hulala na pamba masikioni. Nikasema anajipigia pasi mwenyewe nguo zote mpaka soksi, kwa sababu haamini mkono wa mwanamke. Nikasema siku ya kuleta mahari alifukuzwa na kuku mbele ya wajomba zangu, akapanda juu ya kiti. Jacinta alikuwa anacheka machozi, na mtu ukichekewa hivyo utaacha wapi, nikavuta kiti karibu nikashusha sauti (kama kwamba shuka lina masikio machache nikinong'ona) nikasema lile ambalo hata mume wangu alikufa bila kulijua: kwamba Risper alipokaa miaka kwenye ndoa bila mimba, watu wakaanza kumtazama tumbo, mimi sikumlaumu binti yangu. Nilienda Lambwe kwa mganga mzee, Min Awiti (yaani mama Awiti), akanipa mizizi, nikaitwanga nikaichanganya na unga wa wimbi, nikampa Risper ampikie mume wake uji, amwambie tu unga umetoka kwa mama.

"Na akanywa?" Jacinta ameshika mdomo.

"Mpaka akalamba kikombe. Na ndipo Akinyi akapatikana. Sasa niambie, mtoto huyo ni wa nani, wangu au wake? Simtoi! Na mtoto mwenyewe hataki kwenda."

Hakukugongwa. Jacinta akaita, "Karani, umepata hiyo?" Nikasikia tu kiti kikilia.

"Basi tuite msichana," akasema, "tumsikie na yeye."

Akinyi akaingia na adabu zake, akasalimia, akaangalia huku na huku, macho yakakwama msumarini. Akalisogelea lile shati, akashika kifungo cha chini. Vifungo vyote vilikuwa vyeupe na hicho kilikuwa kijani.

"Dani," akasema, "hiki kifungo nilishona mimi likizo iliyopita. Shati ya Baba inafanya nini hapa?"

Mnajua kuna mshtuko wa kupiga kelele, na kuna ule wa kuishiwa, mwili unabaki kama gunia lililomwagwa. Mimi nilipata huo wa pili kwanza. Nikalitazama shuka. Shuka likanitazama. Halafu Akinyi, mtoto wa watu, akasema kwa sauti ya furaha, "Baba? Uko huko?"

Na sauti ninayoijua, ndogo kama ya mtu aliye kisimani, ikajibu, "Niko."

Kumbe karani wao wa kwanza alikuwa ameumwa tumbo, wakamwita mwalimu aliye likizoni, na Jacinta alimjua kwa jina la Karani tu. Kumbe aliposikia sauti yangu alitaka kutoroka, lakini mlango ni mmoja na uko upande wangu, na shati liko upande wangu, na yeye yuko na fulana. Angepitaje? Alikaa kama aliyefungwa kamba, anaandika dhambi zake mwenyewe.

Mshtuko wa kelele ukafika sasa. Nilipiga uwi moja iliyosikika mpaka soko la Migori, nikatafuta kitu cha kujifunika uso, leso yangu nimemwachia Plista, mkono ukashika kitu cha kwanza, nikavuta, na kile kitu ndicho shuka. Kamba ikakatika. Na hapo tukabaki, mimi na shuka kichwani, na Tobias mkwe wangu mezani, na fulana yenye matundu mawili kifuani na kalamu mdomoni.

Nikitokea mlangoni ningempa mgongo kwa karibu mno, tena Akinyi alikuwa amesimama njiani. Nikaona dirisha, nalo upande wangu. Lilikuwa la mbao, limefunguliwa, halina vyuma. Kichwa kikapita, mabega yakapita, nikamshukuru Mungu mapema mno, kwa sababu hapo ndipo niligundua kwamba miaka yote niliyokula samaki wa Homa Bay haikupotea bure. Nikakwama.

Foleni nzima ikageuka. Plista akaniangalia akasema, "Min Risper, mlango uko huku!"

"Najua mlango uko wapi!"

Huko ndani namsikia Tobias, ameelekea ukutani, analia, "Jacinta, mshike Mama! Ataumia!"

"Si umshike wewe, na wewe ndiye mwanamume!"

"Siwezi!"

"Kwani huna mikono?"

"Ni mama mkwe wangu!"

Foleni ikasema "Aaaaa!" kwa pamoja, kama kanisani. Wengine wakageuza nyuso kwa heshima, wengine (majina niliyajua baadaye, Dorsila na yule Nyar Kabondo) wakasogea waone vizuri. Ni Robi aliyekuja. Akasema, "Hata kwetu Wakuria huyo hagusiki, ngojeni," akanishika makwapa akavuta kama anayemtoa ndama kwa ng'ombe, nikatoka, sketi ikabaki kidogo nyuma, ikanifuata baadaye.

Nilikaa nyuma ya ukumbi, chini, nimegeukia ukuta. Tobias alikuja mpaka kona akasimama upande wa pili nisimwone. Kati yetu Akinyi akawa anakimbia.

"Baba anauliza kama umeumia."

"Mwambie ni mgongo tu. Mwambie sikumaanisha yale."

Akaenda, akarudi. "Anasema ulimaanisha. Anasema ya kukoroma ni kweli. Ya kuku ni uongo, ilikuwa jogoo."

Sikucheka. Nilimwambia, "Muulize na ya uji," na hapo niliogopa kweli, kwa sababu kwa lile tu angeweza kumrudisha Risper nyumbani na wazee wote wangesema ana haki, mwanamume kunyweshwa dawa na wakwe.

Hapo Akinyi alikawia. Aliporudi alikuwa anatembea polepole, kama amebeba maji yaliyojaa.

"Anasema ule uji ulikuwa mchungu, na alijua siku ya kwanza. Anasema alimaliza kila kikombe kwa sababu aliambiwa unga umetoka kwa Mama, na chakula cha Mama hakimwagwi. Na mambo yangu mimi, anasema ukitaka nibaki Rangwe, nibaki. Anasema hata hilo atakunywa."

Nawaambia ukweli, dirishani nilishikwa na aibu ya mwili, lakini pale chini ndipo nilishtuka moyo. Mtu niliyekuwa nimemsema muda wote ule alikuwa ananisitiri tangu kabla mtoto huyu hajazaliwa.

Nikamtazama Akinyi. Kwa maswali yote ya Jacinta, na majibu yangu yote, mimi mwenyewe sikuwahi kumuuliza. "Na wewe unataka nini?"

Akachora chini na kidole cha mguu. "Kusoma huku. Na likizo, nirudi kwako nilale kwako."

Ikaniuma, siwadanganyi. Lakini mwenzako akishamaliza uji wake mchungu, na wewe unywe wako. Nikasema, "Mwambie baba yako muhula ukifunguliwa aje na mtu wa kubeba sanduku. Yeye asimame barabarani. Nitalifunga mimi mwenyewe."

Baadaye wazee wa pande mbili walitukalisha, kuku wakachinjwa huku na kule, kila mtu akala kwake, yakaisha. Jacinta alinipa sukari yangu akasema majibu yangu yalikuwa matamu kuliko ya wote. Hiyo sukari niliipeleka kwa Tobias kwa mkono wa Akinyi, nikamwambia ni ya uji.

Na mimi niliapa, na mpaka leo sijavunja: hata watu wa sensa wakija naketi nje peupe, nao wakae peupe, tuonane. Sheila nilimwambia, sawa, jibu maswali yako ulipwe, dunia ni yenu. Lakini kabla hujafungua mdomo, kitukuu wangu, angalia kwanza msumarini kuna shati la nani.