Mama Mkwe na Tumbawe la Fundi Meno

Kwa miaka ishirini na miwili bwana huyu amekuwa akitengeneza meno ya bandia kwenye chumba cha nyuma cha kliniki, ndiyo maana wote humwita Fundi Meno. Anajua ilivyo kazi kupata kitu kigumu kutoka kwenye unga na maji: unakoroga, unamimina, unachoma, unasugua, na bado mteja anarudi kulalamika kwamba jino linambana. Basi msimshangae kwa tangi la maji ya chumvi lililoko sebuleni kwake. Mle ndani mna tumbawe, mnyama laini asiye na mikono wala tanuri, naye hujijengea mfupa wa jiwe kwa kile kilichoyeyuka majini tu. Alilinunua likiwa kipande kama kucha. Miaka sita baadaye lilijaza viganja viwili, la zambarau, na kila asubuhi alisimama mbele yake mpaka chai inapoa. Mkewe husema kwa utani kwamba yeye ni mke mdogo, mkubwa anaishi majini.

Kulitunza kunachosha roho. Joto likipanda kidogo, kasheshe. Umeme ukikatika, kasheshe. Tena kila siku maji hupanda hewani na chumvi hubaki, kwa hiyo huongezwa maji yasiyo na chumvi, basi.

Fundi akatumwa kozi ya wiki moja. Mkewe alikuwa kazini kutwa, hivyo tangi likabaki mikononi mwa mama mkwe, aliyekuja kuwatembelea. "Mama, maji yakishuka chini ya mstari huu, ongeza," alimwambia, akaishia hapo. Kumpa mkwe maelezo marefu kama mwanafunzi aliona haya.

Aliporudi, tumbawe lilikuwa limejifunga na kutoa ute, ncha zimepauka. Alidondosha tone kwenye kipimo cha chumvi. Kikasoma arobaini na moja badala ya thelathini na tano.

"Mama, ulikuwa unaongeza maji gani?"

"Ya chumvi, baba. Wa baharini huyu, nimpe maji ya bomba nina roho mbaya? Nilikuwa naonja mwenyewe mpaka yakolee."

Fundi akaweka kipimo mezani. Amgombeze nani, na aliyeona haya kueleza ni yeye mwenyewe? "Kosa langu, Mama. Sikukueleza vizuri," akasema, akamweleza yote, safari hii bila kufupisha.

Chumvi ikishushwa kwa pupa huua hata waliobaki. Kwa siku tatu walitoa maji ya tangi na kuongeza yasiyo na chumvi, kikombe kimoja kimoja. Fundi akienda kazini, mama alishika zamu, na mtu asithubutu kumwambia apumzike.

Asubuhi ya nne upande mmoja ulikuwa mweupe pe. Upande wa pili ulikuwa umefunguka. Mama akavaa miwani, akasogea mpaka pua ikagusa kioo.

"Kwani humu wako wangapi?"

"Maelfu, Mama. Kila kitundu unachoona ni mdomo, na kila mdomo una mnyama wake."

Siku zote Mama alidhani ni mnyama mmoja tu. "Na kule kweupe, wamekufa wangapi?"

Fundi alitamani kudanganya, akashindwa. "Mia tano. Labda zaidi."

Mama alikuwa aondoke Jumapili. Hakuondoka. Alikaa wiki sita, kila asubuhi na miwani yake, hasemi anachotafuta. Siku moja kliniki ikapokea simu, na sauti ya Mama ilikuwa ndogo kama ya mtu aliye msibani au sehemu ya ibada.

"Baba, zambarau imepanda juu ya ule mfupa mweupe. Upana wa uzi tu, lakini imepanda. Wanajenga juu ya wenzao."

Fundi aliacha taya la mtu mezani, akatoka na koti lake la kazi kwenda kuona.