Chupa Niliyompasulia Bwana Afya Usoni

Ndugu msomaji, mkono huu unaoandika ndio uliomtoa mtu jicho. Sijui hata kama nastahili kusikilizwa.

Kijijini kwetu Buger mbu walituzidi. Akaja bwana afya na chupa ya maji. Ukiiinua juani unaona vidudu vidogo kuliko chembe ya chumvi, vinarukaruka. "Hawa wanakula viluwiluwi vya mbu," akasema, akawamimina kwenye birika la saruji tunalonyweshea ng'ombe. Tukacheka. Tukamwita Mfuga Vidudu.

Siku hizo nilikuwa napuliza kahawa dawa ya wadudu. Kwa uvivu wa kwenda mbali, nikasuuza bomba la dawa kwenye birika lile. Uvivu tu, jamani!

Asubuhi ndama wa jirani yangu Bura akanywa, akaanguka, povu mdomoni. Akafa. Bura akapiga yowe. Kwetu yowe likipigwa huulizi. Unashika fimbo, unakimbia. Nami nikakimbia. Na nilijua! Mungu wangu, nilijua!

"Ni vidudu vya yule!" mtu akapaza sauti. Sikusema mimi. Lakini nilinyamaza.

Tukamkuta njiani na chupa nyingine. Fimbo ya kwanza haikuwa yangu, wala ya pili. Akapiga magoti, damu inamtoka puani. "Ngojeni! Nitawanywa mbele yenu. Nikifa, nizikeni hapa hapa!"

"Kunywa basi, Mfuga Vidudu!" Wakashusha fimbo chini, wakangoja.

Akainua chupa. Nikawaza: akinywa akabaki mzima, watauliza sumu imetoka wapi. Nikaipiga chupa ile mdomoni pake kwa nguvu zangu zote. Vioo vikamwingia jichoni. Lo, mlio ule! Wenzangu wakaanza upya, mateke kwa fimbo, mpaka Bura mwenyewe alipomlalia juu. "Inatosha! Ndama alikuwa wangu!"

Nyumbani mke wangu akalitazama shati langu lenye damu. "Baba watoto, bomba ulisuuzia wapi?"

Nikampiga. Ndiyo, na yeye pia. Hakulia. Alikwenda moja kwa moja kwa Bura, akasema yote, kisha akaenda kwao na watoto. Hajarudi. Simlaumu.

Nilimfuata bwana afya hospitali kuomba radhi. Akanitazama kwa jicho lililobaki. "Ningewahi kunywa, ungenifanyaje?"

Naogopa jibu lenyewe.

Wewe unayejua ukweli na umesimama kati ya watu wenye hasira, sema! Sema hata kama watakugeukia wewe. Afadhali wakuvunje mbavu kuliko uishi kama mimi.