Fidla ya Sauti ya Juu

Kila asubuhi, kabla hajagusa fidla yake, jirani yangu hapa Erdington, Uingereza, huyasoma maneno ya wimbo kwa midomo tu. Namwona dirishani pake, tayari amevaa sare ya uuguzi, akivuta pumzi pale ambapo mwimbaji angevuta. Kwaya yetu huimba nyimbo za kale za makanisa ya Ulaya, za enzi ambapo sauti moja iliweza kuimbwa, kupigwa kwa chombo, au yote mawili kwa pamoja. Sauti ya juu ilikuwa yake hadi alipopasuliwa shingo. Sasa naiimba mimi, naye anaipiga kando yangu, na upinde wake hutua taratibu juu ya kila silabi ya Kilatini.

"Jelagat, leo fidla imekushinda matamshi!" Mugambi wa besi alinitania Jumapili iliyopita, na watu wakacheka. Jirani yangu pia alicheka, kicheko chenye mikwaruzo, kisha akainama kukaza nyuzi ambazo hazikuwa zimelegea. Tulipokuwa tukingoja basi la kurudi nyumbani, nilijikaza nikamwuliza, "Mama, wimbo wa mwisho ulioimba kabla ya upasuaji ulikuwa upi?"

Aliuhamisha mkoba wa fidla kutoka bega moja hadi jingine.

"Sikumbuki," alisema, kwa ile sauti yake inayokaribia kunong'ona. "Jioni ile ya mwisho watoto waliniomba niwaimbie. Nikawaambia nimechoka, nitawaimbia kesho."