Dawa ya Binti, Nafuu ya Mama

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya kumwona daktari hapa Tukuyu, mlango wake ukiwa wazi. Ndani alikuwapo mama mmoja mchuma chai kutoka Mpuguso, na binti yake mwenye kifafa. Tangu wagonjwa tuanze kuchangia matibabu, kila dawa lazima ijieleze kwamba inastahili bei yake.

"Bado anaanguka?" daktari aliuliza.

"Anaanguka, baba, ila si kama zamani."

"Basi dawa hii haijamponya, na ni ghali. Tuiache."

Mama alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Kumponya haijamponya. Lakini zamani sikuthubutu kutoka nyumbani, nikihofia ataangukia motoni. Sasa naenda kuchuma chai. Na yeye Jumapili ameimba kwaya mpaka mwisho."

Daktari alimgeukia binti. "Unaimba sauti gani?"

"Ya pili," binti alijibu, akacheka.

Daktari akaandika dawa ileile.

Walipotoka, mama alitangulia bila kugeuka kumwangalia mwanawe. Hospitali zetu zina kipimo cha damu na cha mkojo. Cha mama anayetembea bila kugeuka nyuma, bado sijakiona.